Ukasha wa Kiegeani na Kapu Lililohama

Ukasha wa Kiegeani alikuwa mtu asiyetaka kubeba kitu mara mbili. Utotoni, mamaye akimtuma dukani akaulize kama unga umeshuka bei, alikwenda, na akirudi husema, "Nenda kaulize mwenyewe, duka liko wazi." Alichapwa kwa hilo na hakuacha. Watu walimwita mvivu, nami sitamtetea, maana uvivu alikuwa nao wa kutosha kugawia jirani. Ila ulikuwa uvivu wenye akili, na huo ndio mbaya zaidi, kwa sababu humpatia mtu sifa.

Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi na cheti na kompyuta kuukuu iliyokuwa ikinguruma kama mashine ya kukoboa kila ukiipa kazi mbili kwa pamoja. Akafungua kibanda cha kutengeneza simu kando ya barabara iendayo pwani ya Utende. Mchana alibadilisha vioo na kukausha simu zilizoanguka baharini, ambazo kisiwani hazipungui. Kazi ikilegea, aliandika programu zake. Hakuna aliyemtuma. Wenzake wakicheza bao, yeye aliandika programu.

Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kuonyesha boti ilipo. Nahodha Kitwana, mwenye boti ya abiria kati ya Utende na kisiwa kidogo cha Jibondo, alikubali kufungiwa simu ndogo nyuma ya boti yake, ndani ya kopo la plastiki lililozibwa kwa gundi. Simu ile haikupiga wala haikupokea. Kila baada ya muda mfupi ilituma ujumbe wa kusema iko wapi, basi. Ujumbe ukifika kibandani, programu ilichora njia ya boti juu ya ramani ya ghuba: mstari wa buluu, na mbele yake nukta nyekundu, na nukta ile ndiyo boti. Wenye ndugu zao Jibondo waliacha kwenda kusimama ufukweni. Walipita kibandani wakiuliza, "Kitwana kafika wapi?" Ukasha akawageuzia skrini bila kuinua kichwa.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la kazi yake, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Nambari zote za safari, yaani kila mahali boti ilipopita, programu iliziweka pamoja katika kumbukumbu ya kompyuta, mahali ambapo Ukasha alipaita kapu. Sehemu ya programu inayochora aliiita mchoraji. Mchoraji hana kitu chake mwenyewe. Lazima apewe nambari ndipo achore. Kuna njia mbili za kumpa. Ya kwanza ni kunakili: kila mara unachota nambari zote zilizomo kapuni, unatengeneza nakala yake, unampelekea. Ya pili ni kumwambia tu kapu liko wapi, aende akasome mwenyewe. Bila shaka unajua Ukasha alichagua ipi.

"Nikikwambia chumvi iko rafu ya chini," alimweleza mkewe Umi jioni moja, Umi akimenya mihogo, "nina haja gani ya kukuletea rafu nzima?"

"Na kama mama yako ameihamishia juu?"

"Mama hahamishi chumvi."

"Mama yako huhamisha kila kitu, mwenzangu. Juzi nimetafuta kinu mpaka nikakikuta chini ya kitanda."

Ukasha hakucheka, kwa kuwa mkewe alikuwa amegusa penyewe. Kapu lina ukubwa wake. Likijaa na nambari bado zinakuja, kompyuta hutafuta mahali pengine penye nafasi kubwa zaidi, huhamishia zote huko, na kulitelekeza lile la zamani. Mchoraji asipopewa anwani mpya, huendelea kusoma pale pale pa zamani. Na kompyuta haina adabu ya kufagia inapohama. Nambari za zamani zinaweza kubaki zilivyokuwa, mpaka kitu kingine kije kikae juu yake. Basi mchoraji husoma mabaki, huyachora, na picha hutoka nzuri tu, haina dosari. Mwalimu wao wa chuo aliwaonya: mkiongeza kitu kapuni, ombeni anwani upya. Ukasha aliona hata huko ni kurudia kazi. Yeye alitenga kapu kubwa tangu mwanzo, akampa mchoraji anwani mara moja tu boti inapoondoka, yakaisha.

Na kweli lilikuwa kubwa. Alitenga nafasi ya boti kukaa majini mchana kutwa na usiku kucha, na nyingine ikabaki. Lingeachwa vile vile, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Lililoharibu ni majivuno. Siku moja Kitwana alikuja kuona picha ya boti yake, na Ukasha akaanza kumweleza kila kitu, kwani mtu wa kusikiliza habari hizo haokotwi Kiegeani, na akipatikana haachiwi.

"Na hapa, nahodha, nimetenga nafasi hata boti yako ikilala baharini. Haitajaa."

Kitwana alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Akakiweka chini.

"Nani kakwambia boti yangu italala baharini?"

"Hapana, nahodha, huo ni mfano. Ni nafasi tu."

"Mtu hachimbi kaburi akasema ni nafasi tu. Unanichulia, Ukasha. Mimi nakwenda Jibondo na narudi. Wewe umeniandikia kulala baharini, tena umeandika ndani ya mashine."

Wa bara watacheka, na wacheke. Huku kwetu neno la shari halitamkwi juu ya boti yenye safari. Mke wa nahodha haulizi mumewe atachelewa mpaka lini. Huuliza ampikie nini. Kuitaja balaa kabla haijafika ni kuielekeza nyumba, na Ukasha alizaliwa na kulelewa humo humo, cheti cha Dar hakikumtoa. Alijaribu kumwelewesha Kitwana, lakini huku anasema, moyoni alikwisha kuona haya, na hofu kidogo pia.

"Futa," Kitwana akasema. "La sivyo naing'oa simu yako naitosa."

Akafuta. Kitwana alisimama nyuma yake mpaka akaiona kwa macho yake nambari kubwa ikigeuka ndogo. Sasa kapu lilikuwa na nafasi ya kwenda Jibondo na kurudi, na kungojea maji kidogo, basi. Kikomo hicho hicho akampa mchoraji, asisome kupita hapo. Kitwana akamaliza kahawa yake, akamwomba Mwenyezi Mungu awajalie heri, akaenda zake.

Alipokwisha ondoka, Ukasha angeweza kuirudisha ile nambari ya kwanza. Au angeandika mstari mmoja tu wa kuomba anwani na kikomo upya, mstari ambao mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeuandika. Aliweka vidole juu ya herufi, akaviondoa. Kuuandika mstari ule ni kukubali kwamba kapu linaweza kujaa, na kapu kujaa ni boti kukaa baharini kuliko inavyopasa, na yeye tayari alikuwa ameambiwa anachulia. Akajiambia safari ya Jibondo haizidi hapo. Na kwa muda mrefu haikuzidi.

Umi alikuwa mzaliwa wa Jibondo, na sasa alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza. Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, hilo halina mjadala, na Bimkubwa, mamaye Umi, alikwisha tuma salamu mara kadhaa akiuliza binti yake analetwa lini au anangojwa azae njiani. Siku ikapangwa. Ukasha hakusafiri naye, maana mwanamume anayekaa ukweni akisubiri uzazi huwa kichekesho cha mji mzima. Angeitwa mtoto akishazaliwa. Alimpeleka mkewe Utende asubuhi, maji yamejaa mpaka kwenye mikoko, akamshika mkono mpaka Kitwana alipompokea botini.

"Kamwambie mama yako asihamishe vitu vyangu," Umi akasema.

"Nitamwambia."

"Hutamwambia," Umi akasema, akajifunika mtandio wake vizuri, akakaa katikati ya wanawake wengine na magunia ya unga.

Ukasha alirudi kibandani akafungua kompyuta. Nukta ilikuwa inakwenda vizuri. Akachukua simu ya mtu akaanza kuifungua, akitupa jicho skrini kila mara. Boti ilipofika mbele kidogo ya kisiwa cha Chole, nukta ikapunguza mwendo, ikasimama. Akampigia Umi.

"Injini imezimika," Umi akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kitwana ameifungua, ametandaza vyuma vyake hapa kama anauza. Tumetia nanga, usiwe na wasiwasi. Wacha nizime simu, betri inakwisha."

Ukasha hakuwa na wasiwasi. Injini za boti huzimika, na Kitwana hakuwa mgeni wa injini. Nukta ilikaa pale pale, ikitikisika kidogo, mara huku mara kule, kwa kuwa boti iliyotia nanga huzungukazunguka ikifuata maji. Jua likapanda. Maji yakaanza kupwa, na yalikuwa maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kupwa sana, yanayokwenda kwa nguvu kuelekea mlango wa Kinasi na bahari kuu. Ukasha alikula chakula chake cha mchana mbele ya skrini.

Bimkubwa akapiga simu kutoka Jibondo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu hajafika."

"Injini imewasumbua, mama. Wametia nanga mbele ya Chole. Nawaona hapa, wametulia."

"Unawaona kwa macho yako?"

"Nawaona kwenye mashine, mama. Ni kama macho."

Bimkubwa akasema haya, ikiwa anawaona basi anashukuru. Akapeleka habari kwa majirani wa Jibondo waliokuwa na mashaka, nao wakashukuru.

Baadaye kidogo akaja jirani yake Ukasha, Swalehe, mwenye boti yake Utende, amebeba dumu la petroli. "Nasikia Kitwana kakwama," akasema. "Maji bado yapo, boti yangu inaelea. Niende nikawavute? Ngojangoja huumiza matumbo."

Ukasha akamgeuzia skrini. "Tazama mwenyewe. Hapo wamekaa tangu asubuhi, hawana neno. Ukienda kumfungia kamba Kitwana mbele ya abiria hatakusamehe mpaka kufa. Maji yakijaa wataendelea."

Swalehe aliinama akaitazama ile nukta kwa muda. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua dumu lake, akaenda kulala usingizi wa mchana. Katika maisha yake yote Ukasha hajapata kuaminiwa na watu wengi kiasi kile kwa siku moja.

Ilikuwa karibu na Alasiri alipoona jambo. Au niseme, alipoona kwamba hakuna jambo. Nukta haikuwa inatikisika tena. Tangu lini, hakuweza kukumbuka. Mchana ilikuwa ikicheza, sasa imeganda. Akasema labda mtandao umekatika. Akafungua mahali pa kupokelea ujumbe, akakuta ujumbe unaingia, mmoja baada ya mwingine, bila kukosa. Simu ya botini ilikuwa inasema kila mara iko wapi, na nukta haisogei.

Alijua hapo hapo. Hakuhitaji kutafuta kosa. Kosa alilijua kwa jina, alikaa nalo chumba kimoja miezi yote hiyo. Boti ilikuwa imekaa majini kuliko kwenda na kurudi. Kapu limejaa, limehama, na mchoraji amebaki anasoma mahali palipoachwa, anachora boti iliyotulia mbele ya Chole. Akabonyeza herufi siyo, akafuta, akabonyeza tena. Aliandika ule mstari mmoja. Aliuandika kwa muda mfupi kuliko wa kupiga chafya. Akaifunga programu akaifungua upya, nayo ikasoma ujumbe wote tangu asubuhi.

Mstari wa buluu ukatoka mbele ya Chole. Ukanyooka moja kwa moja mpaka mlango wa Kinasi, ukaupita, ukaingia bahari kuu. Nukta nyekundu ilikuwa huko nje, mahali ambapo kwenye ramani yake hakuwa amechora kitu chochote kwa kuwa hakutegemea boti kufika. Akiwa bado anatazama, ikasogea tena kidogo kwenda kaskazini. Kisha ujumbe ukaacha kuingia, maana huko mtandao haufiki.

Alimpigia Umi, akakuta simu imezimwa, akaenda kumwamsha Swalehe kwa kumvuta mguu. Walikwenda Utende kwa pikipiki, Ukasha ameikumbatia kompyuta kifuani, na walipotoka kwenye minazi akaiona pwani. Bahari haikuwepo. Yale maji yaliyomchukua mkewe yalikuwa yameondoka pwani nzima, na boti zote, ya Swalehe na za wengine, zimekaa juu ya mchanga zimelala ubavu. Wanawake walikuwa wakiokota chaza pale ambapo asubuhi palikuwa na kina cha mtu.

Swalehe alivua shati akaenda kusukuma boti yake, na wanaume waliokuwepo wakamfuata. Walisukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Boti ikasogea kidogo ikachimba mchanga, ikakataa. Waliwapigia wenye boti wengine, na kila aliyepokea alikuwa na jibu moja, kwamba yake nayo imekaa. Za Kilindoni ziko upande wa pili wa kisiwa, kuzunguka ni safari ya kufika usiku. Askari wa doria walipigiwa pia, nao boti yao ilikuwa hapo hapo mchangani, mita chache kutoka ya Swalehe.

Watu walizidi kukusanyika. Habari ilikwisha enea kwamba Ukasha ana mashine inayoonyesha walipo.

"Wako wapi sasa?" mmoja akauliza.

"Walikuwa hapa," Ukasha akasema, akionyesha.

"Nakuuliza sasa."

"Sijui."

"Si mashine yako inaonyesha?"

"Inaonyesha walipokuwa."

Yule mtu alimtazama kama anayedhani anafanyiwa mzaha. Ukasha alitamani mtu amtukane, au ampige. Hakuna aliyempiga. Walikuwa watu wema, walimwambia amtegemee Mungu, na wakamwachia kivuli akae. Alikaa na kompyuta mapajani akiitazama picha iliyokuwa sahihi kabisa, isiyo na kosa hata moja, na haikumsaidia kitu. Hakuweza kuyaamuru maji yarudi. Alihesabu mawimbi mpaka akachoka kuhesabu, na yalikuwa bado mbali. Bimkubwa alipiga simu mara nyingi. Akapokea mara moja, akamwambia ukweli.

Maji yaliporudi kulikuwa kumeingia giza. Swalehe alitoka na wengine, wakafika mpaka mstari ulipoishia, wakazunguka huko, wakarudi alfajiri macho yamewavimba.

Asubuhi iliyofuata simu ilipigwa kwa nambari asiyoijua. Aliyepiga alikuwa mvuvi wa dago, kambi ya wavuvi wa Kilwa waliokuja msimu ule kukaa upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa. Akajitambulisha kwa adabu, akasema boti imepatikana, wote waliokuwemo wako hai. Ukasha akamshukuru Mungu kwa sauti. Yule mvuvi akangoja amalize.

"Wako hai wote walioondoka Utende," akasema. "Ila mkeo amejifungua humo baharini, ndugu yangu. Mtoto hakukaa. Njoo."

Alikwenda kwa pikipiki njia yote ile mbovu, Swalehe akiendesha. Walipofika kwenye vibanda vya makuti, wa kwanza kumwona alikuwa Kitwana, amekaa kwenye mchanga na mabega yake yamebabuka kwa jua. Ukasha akamwamkia. Kitwana akaitikia bila kumtazama.

"Ile nambari," Kitwana akasema, "uliifuta kweli?"

"Niliifuta, nahodha. Ulisimama ukiona."

"Niliona." Kitwana akachota mchanga akaumwaga. "Ulichelewa. Ilikuwa imekwisha andikwa. Jambo likishaandikwa limeandikwa."

Ukasha alikuwa na jibu. Alikuwa nalo refu, kwamba boti isingepotea kama nambari isingefutwa. Alimtazama mzee yule aliyekesha ameshika usukani usioendesha kitu, akaliacha jibu lake lilipo, akaingia kibandani.

Umi alilala juu ya mkeka, amefunikwa tanga kuukuu. Wake wa wavuvi walikuwa wamemwosha na kumpa uji. Walipomwona mume wakatoka. Ukasha akakaa chini karibu naye, akamshika mkono.

"Alilia," Umi akasema. "Kidogo, lakini alilia. Kwa hiyo nikawaambia jina lake Mudrik, wamemzika kwa jina lake. Wamemzika pale juu, usiende sasa, kaa."

"Nimekaa."

"Kamba ya nanga ilikatika, na simu zetu zote zimezima. Ilipokatika bado tulikuwa tunaiona Chole, hata watu ufukweni tuliwaona. Kitwana akasema tumwagie nguo petroli tuziwashe, watu waone moshi. Nguo kavu zilikuwa kwangu tu, zile kanga nilizomwekea mtoto. Nikakataa. Nikawaambia wasihangaike, mume wangu anatuona, sasa hivi atamtuma Swalehe. Wote wakatulia niliposema hivyo. Hata Kitwana aliweka kibiriti chini."

Ukasha aliutazama mkono aliokuwa ameushika.

"Ulikuwa unatuona?"

Angeweza kumwambia lolote na Umi angelipokea. Akaanza kumweleza. Akamweleza kapu lilivyojaa, lilivyohama, na mchoraji alivyobaki na anwani ya zamani, na mabaki yanavyofanana na kitu chenyewe. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiwashika watu kwa maelezo mpaka wanatafuta mlango. Leo alimaliza kwa maneno machache, akaishiwa. Umi alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza siku zote.

"Kwa hiyo ulikuwa unatazama," akasema.

"Nilikuwa natazama. Sikubandua macho."

"Unatazama pale mbele ya Chole."

"Ndiyo."

"Na sisi hatupo."

"Hampo."

Umi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelewa. Hakulia. Akanyoosha mkono kichwani pake, akauvuta mfuko wake wa safari, akauweka baina yao. Ulikuwa bado umefungwa kwa fundo alilolifunga nyumbani, ila upande mmoja umelegezwa.

"Sanda hawakuwa nayo, wamemzika na kanga moja," akasema. "Hizi nyingine zirudishe nyumbani. Hazikulowa."